Kuzima umeme wa akiba (kanuni za Marekani)

Vifungu vya National Electrical Code (NEC) vinavyowawezesha askari wa zimamoto kukata umeme wa sola, betri na jenereta jengo linapoungua. NEC, iliyoanza 1897, hutolewa na NFPA (shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto) na kurekebishwa kila baada ya miaka 3. Haina nguvu ya sheria mpaka jimbo au mji uipitishe.

Chimbuko

Zamani swichi kuu ikishazimwa, askari alipanda paani bila hofu ya umeme. Sola iliondoa uhakika huo muhimu. Paneli huzalisha umeme maadamu jua linawaka, hata gridi ikikatwa, na nyaya zake katika nyumba za kawaida huruhusiwa kufikia volti 600 za DC. Askari hutoboa paa ili moshi utoke, na shoka lake linaweza kukutana na waya wenye umeme. Septemba 2013, ghala la Dietz & Watson huko Delanco, New Jersey, liliungua likiwa na paneli zaidi ya 7,000 juu yake, na hofu ya umeme ikatatiza sana uzimaji.

Kuzima haraka

Kifungu 690.12, kinachotaka nyaya za sola zizimike haraka, kiliingia katika toleo la 2014 la NEC. Toleo la 2017 lilikikaza: ndani ya sekunde 30, nyaya zilizo zaidi ya milimita 305 kutoka kwenye paneli zishuke hadi volti 30, na zilizo ndani ya eneo la paneli, kwa kawaida, zisizidi 80. Toleo la 2020 likaongeza swichi ya dharura nje ya nyumba za makazi, hatua ya busara iliyochelewa mno, kwani askari halazimiki tena kutafuta swichi ndani ya moshi.

Jenereta

Jenereta inayounganishwa na nyaya za jengo lazima iwe na chenjiova (swichi ya kubadili kati ya gridi na jenereta), ili umeme wake usirudi kwenye laini ya mtaa na kumuua fundi.

Betri

Hapa swichi haitoshi, kwa sababu betri iliyokatwa bado ina chaji yake. Tarehe 19 Aprili 2019, kituo cha betri za lithiamu cha McMicken, mjini Surprise, Arizona, kilijaa gesi baada ya seli kupata joto kupita kiasi. Askari walifungua mlango, na dakika chache baadaye gesi ikalipuka na kujeruhi vibaya wanne kati yao. Ndiyo maana kuna kanuni nyingine mbali na NEC: NFPA 855, inayohusu mifumo ya betri. Kanuni hiyo, toleo lake la kwanza likiwa la 2020, huweka ukomo wa kWh 20 kwa kila betri ya nyumbani na hukataza kuifunga chumbani mwa kulala.