Mgeni wa peke yake katika kartie ya kimya Lubumbashi: mambo ya kujua mbele ya kufika

Kila wiki kuko watu wanaoshuka Lubumbashi bila ndugu wa kuwapokea. Mmoja anatoka Kamina kwa gari-moshi ya SNCC, mwingine anatoka Likasi au Kolwezi kwa basi, mwingine ametoka Kivu akazunguka kwa Tanzania na Zambia mpaka akaingilia Kasumbalesa. Wamekuja kwa matunzo, kwa masomo UNILU, kwa biashara, kwa kesi. Wengi wanauliza swali moja: ni wapi ninaweza kulala pahali pa kimya, mbali na makelele ya baa? Jibu wanalopewa karibu kila mara ni "Golf". Si jibu baya, lakini ni fupi sana.

Mji una komine 7: Lubumbashi, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Ruashi na Annexe. Mgeni anachanganyikiwa hapo hapo, ju ya komine moja inabeba jina la mji wenyewe. Ndani ya ile komine ya Lubumbashi njo kuko katikati ya mji na sehemu kubwa ya kartie za kimya. Annexe yenyewe imezunguka zingine zote. Wabelgiji walipoanzisha mji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, walitenga makao ya wazungu na makao ya wafanyakazi weusi, wakaacha eneo tupu katikati yao. Kamalondo ilizaliwa ng'ambo ya eneo hilo. Kwa hiyo ukimya wa leo haukuanguka kutoka mbinguni. Avenyu pana, lupangu kubwa, miti ya jakaranda, nyumba moja mbali na nyumba nyingine: watu walipanga hivyo makusudi, na kartie nyingi za wenye mali zilizojengwa nyuma zimefuata mfano huo.

Sasa, kimya na usalama si kitu kimoja. Mimi nimekomalia Katuba. Pale, ukikosa kutoka nje asubuhi, jua halijapanda mama wa jirani amekwisha kupiga hodi: "We, uko muzima?" Makelele iko, lakini macho pia iko. Miaka kadhaa iliyopita, ndugu mmoja wa familia aliniomba nimchungie nyumba yake ya Golf, yeye na watoto wakasafiri mwezi mzima. Nilifurahi: kitanda kikubwa, ukuta mrefu, hakuna muziki. Siku ya kumi malaria ikanikamata. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, simu ikazima, na sikuwa na nguvu ya kutembea mpaka kwenye mlango wa lupangu. Nilikaa hivyo usiku mmoja na siku nzima. Jirani wa kushoto sikujua hata jina lake. Aliyeniokoa ni zamu wa nyumba ya ng'ambo, mzee ambaye nilizoea kunywa naye chai asubuhi. Aliona sijatoka kununua mkate, akagonga mpaka nikaitika.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza ni wapi atalala peke yake, mimi namuuliza kwanza: nani pale atajua kama haukuamka?

Basi zamu njo mtu wa kwanza wa kujulikana naye, hata mbele ya mwenye nyumba. Yeye anaona nani anaingia, nani anatoka, gari gani imesimama bila sababu. Msalimie kila siku, mwite Papa kama ni mtu mzima, mwambie jina lako na siku utakayoondoka. Haina lazima umwambie kazi yako yote, wala franga unazobeba. Ukipita mbele ya watu waliokaa kwenye kibaraza, "Jambo yenu" inatosha. Mtu anayepita kimya katika kartie ya kimya anaonekana kama mwizi anayechunguza, na siku hizi, kwa vile watu wanaogopa wezi wa bunduki wanaoingia nyumbani usiku, kushukiwa kunaweza kukuletea matata ya bure. Nyumba kubwa haikingi mtu na wezi hao, mara zingine njo inawavuta.

Wale wa Goma na Bukavu wamezoea nyumba kumi. Hapa utasikia habari za shefu wa avenyu na shefu wa kartie. Ukikaa siku mbili katika nyumba ya wageni, kitabu cha mapokezi kinatosha: wataandika jina na namba ya kitambulisho, na kwa wengi wetu kitambulisho ni karte ya mchaguzi. Lakini ukikodi chumba katika lupangu ya mtu kwa wiki tatu au mwezi, mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa shefu wa avenyu ajue uso wako. Akikataa bila sababu, mimi ningetafuta chumba kingine.

Kuhusu anwani, usikubali kuambiwa "Golf" peke yake. Kuko Golf Météo, kuko Golf Plateau, na zingine tena. Jina moja la avenyu unaweza kulikuta katika komine zaidi ya moja. Andika namba, avenyu, kartie na komine, pamoja na alama ya karibu: shule, kanisa, duka la dawa. Manseba, yaani mwenye moto, atakujibu "najua" hata kama hajui, na utazungushwa gizani ukiwa na mzigo mgongoni. Ju ya hiyo, ufike mbele ya jua kuzama. Kama basi imechelewa, ulale usiku wa kwanza katikati ya mji, asubuhi uende kartieni. Bei ya moto mpatane mbele ya kupanda. Na katika avenyu pana usiku moto hazipiti sana, kwa hiyo uwe na namba ya manseba mmoja ambaye zamu au mwenye nyumba anamjua.

Si Golf peke yake. Bel-Air, katika komine ya Kampemba, ina avenyu tulivu na chakula hakiko mbali. Hilo si jambo dogo kwa mtu asiye na jiko: katika kartie za kuta ndefu unaweza kutembea sana mbele ya kupata mama anayeuza bukari na sombe. Kuko pia nyumba za wageni za masista na mapadri. Pale mlango unafungwa mapema, na wanawake wengi wanaosafiri peke yao wanazipenda ju ya jambo hilo hilo. Mama anayesafiri peke yake achague chumba kinachofungwa kwa ndani, na aangalie ile kufuli kwa macho yake mbele ya kulipa. Kimya kamili, kwa kusema kweli, hautapata: sala za usiku kucha zinafika hata Golf, na jenereta ya jirani itaimba kila mara SNEL inapokata.

Uliza basi kama kuko maji ya kisima wakati REGIDESO inakauka, na taa ya sola. Dola zako ziwe safi, ju ya noti yenye kupasuka hata kidogo inakataliwa.

Na baridi. Mtu wa Kalemie au Uvira hasadiki mpaka aisikie. Lubumbashi iko juu ya mita 1.200, na usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Beba pulova na blanketi. Usiingize mbabula yenye makala ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache za kujipasha moto. Makala yanatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, haionekani, mtu anasinzia tu. Katika lupangu yenye watu wengi, kuko mtu atakayesikia unakohoa au unaanguka. Kama uko peke yako nyuma ya ukuta, mbabula ibaki nje, na ukiisha kupasha chakula uzime makala kwa maji mbele ya kufunga mlango.