Habari ya Kahawa na Ukaangaji Wake Pande za Ujiji

Mtu apitaye Buzebazeba wakati wa alasiri, hasa katika vijia viendavyo upande wa Ujiji, huenda akakutana na harufu asiyoona itokako. Si harufu ya dagaa waanikwao mchangani, wala si ya mawese yachemkayo; ni harufu ya buni zikaangwazo. Wengi wetu tumeizoea tangu utoto, hata hatuulizi habari zake. Lakini kazi hiyo ndogo ya mekoni ina historia ndefu, nayo yatufundisha jambo moja ambalo mkulima hana budi kulijua.

Tuanze na majina. Neno kahawa limetoka katika Kiarabu. Kadhalika neno buni, yaani punje yenyewe, na neno finjani, kikombe kidogo cha kunywea. Majina hayo yaonyesha njia iliyopitiwa na desturi ya kuinywa. Lakini mmea wenyewe ni wa Afrika. Aina iitwayo arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi ya Uhabeshi, ndiyo Ethiopia. Na aina iitwayo robusta ni ya misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, hata Uganda. Katika karne ya 15 masufi wa Yemeni waliinywa ili wapate kukesha usiku katika ibada. Mwaka 1511 liwali wa Makka, jina lake Khair Beg, aliipiga marufuku. Lakini sultani aliyekaa Misri aliitangua amri ile, na kahawa ikazidi kuenea.

Watu hudhani ya kuwa kabla ya kuja Waarabu hapakuwa na mtu wa bara aliyeijua kahawa. Sivyo hata kidogo. Wahaya, walio kaskazini kwetu, waliitumia tangu zamani, ila hawakuikaanga wala hawakuinywa. Waliichuma ikali mbichi, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaianika juani, wakaitafuna. Mgeni alipewa kahawa kabla ya maneno yo yote, na watu wawili waliochanjiana udugu walitafuna buni iliyopakwa damu ya mwenziwe. Tena haikuwa halali kwa kila mtu kupanda mibuni apendavyo. Jambo hilo lilikuwa mikononi mwa Bakama, yaani wafalme wao. Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji pamoja na Speke mwezi wa Februari 1858, aliandika habari za kahawa hiyo ya Karagwe, kwamba huko kwao ilikuwa rahisi mno, lakini misafara ilipoifikisha Tabora iliuzwa kwa bei kubwa. Nawe angalia: buni iliyochemshwa haioti tena. Aliyeinunua alipata ladha, hakupata shamba.

Ujiji wenyewe ulipata desturi ya pili, ile ya kukaanga. Waarabu na Waswahili wa pwani walifika hapa katika karne ya 19 wakitafuta pembe na, kwa uchungu wetu, watumwa. Walipojenga walileta pia mwenendo wa pwani: lugha, kanzu na baraza. Kahawa chungu inywewayo barazani bila sukari, ikimiminwa kutoka katika mdila, ni ya ukoo huo. Biashara mbaya ile ilikomeshwa, lakini finjani ilibaki.

Kisha ukaja wakati wa magunia. Mwaka 1914 reli ya Wadachi ilifika Kigoma. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka mji, na mapatano ya mwaka 1921 yakawapa mahali pao katika bandari ya Kigoma na katika ile ya Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite. Katika miaka ya 1930 serikali yao iliwashurutisha wakulima wa Urundi kupanda mibuni. Na kahawa hiyo ilivuka ziwa kwa meli, ikapakiwa katika magari ya reli, ikaenda Ulaya. Basi wachukuzi wetu waliibeba kahawa mabegani, gunia juu ya gunia, wala harufu yake hawakuipata. Maana kahawa mbichi hainuki kama kahawa. Hunuka kama majani makavu.

Hapo nakumbuka mzee mmoja wa upande wa Kalinzi, katika milima ile ya kaskazini ambako arabika yetu hulimwa. Alikuja kwa shangazi yangu na zawadi ya buni mbichi katika kikapu. Shangazi alipokwisha kushukuru alimwuliza, “Baba, wewe waipenda yenye tangawizi au tupu?” Mzee alinyamaza kidogo, akasema, “Mama, nimeilima miaka thelathini. Sijapata kuinywa.” Shangazi hakumcheka. Aliinuka akawasha moto.

Nami nitaeleza alivyofanya, maana ndivyo ipasavyo. Alichagua buni kwanza, akatupa zilizooza na zilizotobolewa na wadudu. Akatia kiasi kidogo katika kaango, moto ukiwa wa makaa yasiyowaka kwa ndimi, akakoroga kwa mwiko bila kupumzika. Buni ziligeuka kutoka rangi ya kijani kuwa za manjano, zikanuka kama mkate. Kisha zikawa za kahawia. Zilipofikia joto la nyuzi 200 hivi za sentigredi zilianza kulia, ta, ta, kama bisi, kwa kuwa mvuke uliofungwa ndani hupasua njia ya kutokea. Baada ya mlio huo kahawa hunyweka. Ukiendelea utasikia mlio wa pili, mdogo na wa haraka, na mafuta yatatokea juu. Ukipita hapo umetengeneza makaa. Shangazi alizimimina katika ungo upesi, akazipepeta, kumvi zikaruka na joto likatoka. Kilo 10 za kahawa mbichi hubaki kama kilo 8 na nusu, lakini punje huvimba. Akaziacha zipumue hata kesho yake, akaziponda katika kinu, za kutosha siku ile tu. Mzee alilala kwetu. Asubuhi alipokunywa finjani ya kwanza alifumba macho, akasema, “Kumbe ndiyo hii!”

Ndugu msomaji, neno lile halijaniacha. Kwa nini mtu alime miaka thelathini asijue alimacho? Sababu mojawapo ni tabia ya buni yenyewe. Mbichi iliyokaushwa vema hukaa miezi mingi bila kuharibika, kwa hiyo huvuka bahari. Iliyokaangwa hupoteza harufu yake katika majuma machache, na iliyosagwa katika siku chache. Ndiyo maana nchi zinywazo hupenda kuinunua mbichi na kuikaanga kwao wenyewe; na faida kubwa ya moto huo hubaki huko huko. Sisi tuliozoea kuuza tulidhani kwamba kazi yetu huishia katika gunia.

Lakini tabia hiyo hiyo ni neema kwetu, tukiifahamu. Ikiwa kahawa iliyokaangwa haipendi safari ndefu, basi mtu wa Buzebazeba, akaaye mwendo wa saa chache tu kutoka mibuni ya Kalinzi na Matyazo, aweza kunywa kahawa bora kuliko tajiri wa ng’ambo. Haimpasi kuwa na mashine. Kaango, mwiko, ungo na subira vyatosha.

Kwa hiyo nawasihi wenye mibuni: uzeni, maana ada ya shule na bati la nyumba hutoka humo, lakini kila mavuno wekeni pishi moja ya nyumbani. Wafundisheni watoto kuusikiliza mlio wa kwanza. Mkulima aliyeionja kahawa yake huijua njema na mbaya, wala mnunuzi hawezi kumdanganya kwa urahisi.