Mwenye Mlima na Mgeni Wake: Milanzi na Uluru

Ukitazama kwa macho tu, Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, na jangwa la kati la Australia havifanani. Huku ni nyanda za juu zenye baridi, mahindi na maharage. Kule ni mchanga mwekundu na jua kali. Lakini wenyeji wa pande zote mbili wamekutana na swali lilelile: mgeni mwenye nguvu akishaingia, mwenyeji abaki na nini?

Wafipa wana jibu la kale. Katika masimulizi yao, aliyoyachambua mwanaanthropolojia Roy Willis, mtawala wa Milanzi alikuwa mawindoni wakati wanawake wageni, waanzilishi wa ukoo wa Watwa, walipofika na kukalia kigoda chake. Aliporudi hakushika mkuki. Wakapatana: Watwa watawale nchi, yeye abaki na Milanzi, mlima wake na ukubwa katika mambo ya mizimu. Mahali hapo panaposimuliwa hapako mbali na mji wa Sumbawanga.

Waanangu, wenyeji wa mwamba wa Uluru katika jangwa lile la Australia, nao walipatana, ila kwa hati. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali ya Australia iliwarudishia ardhi yao, nao wakaikodisha kwa serikali hiyohiyo kwa miaka 99 iwe hifadhi ya taifa. Kwa miaka mingi waliwasihi watalii wasiupande mwamba. Wengi walipanda tu. Mwaka 2017 bodi ya hifadhi, yenye Waanangu wengi, iliamua, na tarehe 26 Oktoba 2019 njia ya kupandia ikafungwa moja kwa moja. Watalii wanaendelea kuja, ila sasa wanakuja kwa masharti ya mwenye mlima.

Sanaa inaonyesha waziwazi zaidi tofauti kati ya pande hizi mbili. Mwaka 1971, katika makazi ya Papunya, kwenye jangwa hilohilo la Australia, wazee wa Kiaborijini walianza kuchora kwenye mbao habari za nchi yao. Baadhi ya michoro ya mwanzo ilionyesha mambo yasiyopaswa kuonwa na kila mtu, na Waaborijini wenzao wakalalamika. Wachoraji hawakuacha kazi. Waliyaondoa au kuyafunika yaliyokuwa ya siri, wakaendelea kuuza mengine. Mwaka 1972 wakaunda kampuni yao, Papunya Tula, inayomilikiwa na wasanii wenyewe.

Ufipa ilikuwa na sanaa yenye siri nzito vilevile: kuyeyusha chuma. Ilungu, tanuri la udongo linaloweza kufika mita tatu, lilijazwa mkaa na mawe ya chuma kupitia juu. Upepo ukajiingiza wenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Ilungu lilihesabiwa kama bibi harusi, mafundi wakajizuia na wake zao siku za kazi, na kapu la dawa halikushikwa na yeyote tu.

Chuma cha madukani kiliiua kazi hiyo katika karne ya 20. Malungu kadhaa, yaani matanuri hayo makubwa, bado yamesimama na mavi ya chuma yametapakaa mashambani. Siri zake, hata hivyo, zilishatoka: mmisionari Wyckaert alizichapisha mwaka 1914, Greig akaandika mwaka 1937, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda akaifanya historia ya chuma cha huko kuwa tasnifu yake ya mwaka 1995. Bila maandishi hayo tungejua machache mno. Lakini Papunya pazia lilivutwa na wenyewe. Ufipa lilifunuliwa kwanza na kalamu ya mgeni.

Tangu miaka ya 1990 Tanzania ina mpango wa utalii wa utamaduni unaovipa vijiji kipato kutoka kwa wageni. Malungu yangeweza kuingia humo, hasa kwa wasafiri wanaoelekea maporomoko ya Kalambo, yenye zaidi ya mita 200. Ila kuajiri kijana wa kijijini kuwa mwongozaji na kugawana kiingilio hakutoshi kuitwa umiliki. Kabla ya kibao cha kwanza kusimikwa, koo za wahunzi zikae ziamue lipi lisimuliwe, lipi lioneshwe kwa mfano, na lipi libaki kwao hata kama limeshachapishwa Ulaya. Mtawala wa Milanzi alipoteza nchi akabaki mwenyeji kwa sababu alijua kipi hakitolewi.