Seli shina na kiharusi: tumaini lililo bado majaribioni

Kila mwaka mamilioni ya watu duniani hupatwa na kiharusi, na wengi wanaonusurika hubaki na mkono usioinuka, mguu unaoburutika au ulimi usioweza kutamka. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa wanasayansi wamekuwa wakichunguza iwapo seli shina zinaweza kuukarabati ubongo ulioharibika.

Hadi sasa utafiti huo haujatoa matibabu ya kiharusi yaliyothibitishwa. Hata hivyo, katika miji mingi duniani, Dubai ikiwa miongoni mwao, zipo kliniki za binafsi zinazotangaza tiba za seli shina kwa maradhi ya kila aina, na familia nyingi hazijui kutofautisha kati ya majaribio ya kisayansi na biashara.

Mtaa wa mataifa mengi

International City ni mtaa wa makazi ulioko eneo la Al Warsan, mbali kidogo na katikati ya Dubai. Ulijengwa na kampuni ya Nakheel, na majengo yake yamegawanywa kwa majina ya nchi: Uchina, Uingereza, Ufaransa, Ugiriki, Italia, Morocco, Uajemi, Urusi, Hispania na Imarati. Jirani yake kuna Dragon Mart, soko kubwa la bidhaa za Kichina lililofunguliwa mwaka 2004 na linalojulikana sana kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala.

Kodi ya nyumba huko ni nafuu kuliko katika mitaa mingi ya Dubai. Kwa sababu hiyo hukaliwa na wafanyakazi wa mataifa mbalimbali, Waafrika Mashariki wakiwemo. Wengi huishi kwa kuchangia chumba, mbali na wazazi, wake, waume na watoto wao.

Maradhi yanapompata mtu ughaibuni, shauri huwa la ukoo mzima. Simu hupigwa kutoka Tanga hadi Muscat na kutoka Kisumu hadi London, michango hukusanywa, na pengine kiwanja huuzwa. Jamaa mmoja akitaja sindano za seli shina, wengine hukubali kwa kuwa hawataki kulaumiwa kwamba walikaa bila kufanya lolote.

Kiharusi ni nini?

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu ghafla. Mara nyingi mshipa huzibwa na bonge la damu. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu kuvuja ndani ya ubongo. Kwa mujibu wa makadirio ya mwaka 2006, mgonjwa aliyezibwa mshipa mkubwa hupoteza takriban chembe za neva milioni 1.9 kwa kila dakika inayopita bila matibabu.

Chembe za neva zilizokufa hazioti tena kama ngozi inavyoota baada ya jeraha. Nafuu anayoipata mgonjwa hutokana zaidi na sehemu nzima za ubongo kujifunza kazi za zile zilizoharibika, na mazoezi ya viungo na ya usemi husaidia sana katika hilo.

Maradhi haya si ya nchi tajiri pekee. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa baada ya kuzingatia tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, huku wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ikiwa na 109. Kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vilivyo juu sana duniani. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu lisilogunduliwa au lisilotibiwa.

Seli shina ni nini?

Seli shina ni chembe hai ambazo bado hazijapewa kazi maalumu mwilini. Zinaweza kujizidisha, na zinaweza kugeuka kuwa chembe za aina nyingine, kama vile za damu, misuli au neva.

Zipo za aina kadhaa. Za kwanza hutoka katika kiinitete cha siku chache. Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alifaulu kuzitenga za binadamu. Kwa kuwa kiinitete huharibiwa, ulizuka mjadala mkubwa wa kimaadili. Mwaka 2001 Rais George W. Bush aliwekea mipaka fedha za serikali kuu kwa utafiti huo, na mwaka 2009 Rais Barack Obama akailegeza.

Aina ya pili hupatikana kwa watu wazima, hasa katika uloto, ambao wengine huuita uboho, na pia katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Aina ya tatu hutengenezwa maabara. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, alizirudisha chembe za kawaida za panya katika hali ya seli shina, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa chembe za binadamu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2012, pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Majaribio yameonyesha nini?

Mwaka 2010 madaktari wa Glasgow, Scotland, walianza kuingiza seli shina moja kwa moja katika ubongo wa wanaume 11 waliokuwa wameugua kiharusi miezi au miaka kadhaa kabla. Lengo la kwanza lilikuwa kujua kama jambo hilo ni salama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha madhara yaliyosababishwa na seli zenyewe, na baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kidogo. Lakini hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo.

Mwaka huohuo wa 2016, madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliripoti nafuu ya kutia moyo kwa wagonjwa 18, na habari hizo zilienea duniani kote. Ulipofanyika uchunguzi mkubwa zaidi wa wagonjwa 163, baadhi wakipewa seli na wengine upasuaji wa kuigiza tu, ilitangazwa mwaka 2019 kuwa lengo kuu halikufikiwa.

India, ambako Waafrika Mashariki wengi huenda kutibiwa, ilifanya uchunguzi wake katika hospitali tano. Wagonjwa 120 waligawanywa katika makundi mawili, moja likipewa seli za uloto wao wenyewe kupitia mshipani. Matokeo ya mwaka 2014 hayakuonyesha tofauti kati ya waliopewa na wasiopewa.

Nchini Japani, wagonjwa 206 walihusishwa katika uchunguzi mwingine, seli zikitolewa kati ya saa 18 na 36 tangu kiharusi kuanza. Huko nako, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 hayakufikia lengo kuu.

Haya yote hayana maana kwamba utafiti umekufa. Wanasayansi wengi sasa wanadhani kuwa seli zinazoingizwa hazigeuki kuwa ubongo mpya, bali hutoa kemikali zinazopunguza uvimbe na kuchochea uponyaji. Kwa maradhi ya Parkinson, ambayo huharibu aina moja ya chembe za neva, dalili ni nzuri zaidi: mwaka 2025 watafiti wa Kyoto walichapisha matokeo ya wagonjwa saba waliopandikizwa chembe zilizotengenezwa kwa njia ya Yamanaka, bila madhara makubwa kujitokeza.

Pale zinapotibu kweli

Yapo maradhi ambayo seli shina huyatibu bila shaka, nayo ni ya damu. Upandikizaji wa uloto ulianza kujaribiwa kwa binadamu katika miaka ya 1950, na leo hutumika katika nchi nyingi dhidi ya saratani za damu.

Kwa Afrika Mashariki, la maana zaidi ni selimundu, au sikoseli, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu huwa na umbo la mundu na kuziba mishipa. Ugonjwa huu ni miongoni mwa sababu kuu za kiharusi kwa watoto. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wagonjwa 11 kati ya 100 wenye aina kali walipatwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, Kituo cha Seli Shina cha Abu Dhabi, kilichoanzishwa mwaka 2019, nacho kina programu ya upandikizaji wa uloto. Katika tiba hii seli hubadilisha kiwanda cha damu cha mgonjwa, na hivyo huzuia kiharusi kabla hakijatokea. Hazifufui ubongo ambao tayari umekufa.

Hatari ya kununua tumaini

Mwaka 2016 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la tiba la New England kuhusu mwanamume mwenye umri wa miaka 66 aliyeugua kiharusi, kisha akasafiri hadi Uchina, Argentina na Mexico kudungwa sindano za seli shina. Baadaye alipooza zaidi. Uvimbe ulikutwa katika uti wake wa mgongo, na uchunguzi ulionyesha kuwa umetokana na chembe zisizo zake.

Kabla ya kutoa fedha, familia ina haki ya kuuliza: Je, haya ni majaribio au ni matibabu yaliyoidhinishwa, na ni mamlaka gani ya afya iliyoidhinisha? Je, yameidhinishwa kwa kiharusi, au kwa ugonjwa mwingine? Seli zinatoka wapi? Matokeo yamechapishwa katika jarida gani? Nani atamhudumia mgonjwa akipata madhara baada ya kurudi nyumbani?

Kwa kawaida, majaribio halali hayamtozi mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa. Kliniki inayodai kutibu kiharusi, kisukari, magoti na tawahudi kwa sindano ileile inastahili kutiliwa shaka. Shuhuda za wagonjwa kwenye video si ushahidi, kwa sababu watu wengi hupata nafuu ya kiasi fulani katika miezi ya mwanzo hata bila sindano.

Saa za mwanzo ndizo tiba

Dawa ya kuyeyusha bonge la damu iliidhinishwa Marekani kwa kiharusi mwaka 1996. Kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, baada ya picha ya ubongo kuhakikisha kuwa hakuna mshipa uliopasuka. Tangu mwaka 2015 imethibitika pia kuwa bonge lililoziba mshipa mkubwa linaweza kuvutwa nje kwa mpira mwembamba unaopitishwa mshipani, na kwa wagonjwa waliochaguliwa hilo linawezekana hadi saa 24.

Dalili ni tatu za kukumbukwa: uso unaopinda upande mmoja, mkono unaoanguka ukiinuliwa, na usemi unaovurugika. Mkaazi wa International City anayeziona kwa mwenzake wa chumbani apige 998, nambari ya gari la wagonjwa, na aandike saa dalili zilipoanza. Asimpe mgonjwa chakula, maji wala aspirini, na asingoje kupambazuke.

Sheria nambari 11 ya mwaka 2013 inamtaka mwajiri wa Dubai amkatie mfanyakazi wake bima ya afya. Mfanyabiashara aliyekuja kwa viza ya matembezi hayumo katika bima hiyo, hivyo inampasa kuhakikisha bima ya safari kabla ya kupanda ndege.

Kwa aliyekwishaugua, mazoezi ya viungo na ya usemi, dawa za shinikizo la damu zinazomezwa kila siku na kuacha sigara ndivyo vinavyomsaidia leo. Fedha zilizochangwa na ukoo zinaweza kulipia mazoezi hayo kwa miezi mingi.