Historia ya Kadi ya Salamu, na Jinsi Ilivyofika Darasani Kwetu

Kamati ya jumuiya ilipotuomba sisi walimu tuandike kipande cha historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, wengi walitegemea tuandike tena habari za mwaka 1996, jinsi tulivyovuka mpaka na kupandishwa kilimani hapa Kiziba. Habari hizo wazee wetu wanazijua kuliko sisi, maana wengi tunaoshika chaki leo tulikuwa watoto wakati huo. Tumeona afadhali tuandike juu ya kitu kidogo, nacho ni kadi.

Hapa kambini ukitamka neno "kadi" mtu hafikiri sikukuu. Anapapasa mfuko wake. Kadi kwetu ni ile ya mgao, ile ambayo ikipotea mama wa nyumba hapati usingizi. Siku moja tuliingia darasani tukasema, "Leo tutatengeneza kadi." Mtoto mmoja akanyosha kidole akauliza, "Mwalimu, tumepata ruhusa?" Tulicheka, kisha kicheko kikatuishia. Hapo ndipo tulipoona kwamba kadi ya salamu inahitaji kuelezwa tangu mwanzo.

Kadi ya Noeli, au ya Krismasi kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, ilianzia Uingereza mwaka 1843. Miaka mitatu kabla yake, serikali ya huko ilikuwa imeweka posta ya bei nafuu, barua moja kwa peni moja, na watu wakaanza kuandikiana bila kuhesabu. Bwana Henry Cole, aliyekuwa mmoja wa waliosaidia kuianzisha posta hiyo, alijikuta mwisho wa mwaka na rundo la barua za kujibu, na adabu ya wakati ule haikumruhusu kunyamaza. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja ichapwe mara nyingi, ili yeye aweke jina tu na kutuma. Zilichapwa kadi zipatazo 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono, na zile zilizobaki ziliuzwa shilingi moja moja, bei ambayo kibarua wa London hakuiweza.

Tunaomba msomaji aitazame picha ile vizuri. Katikati imekaa familia yenye nafasi, wameinua bilauri za divai, hata mtoto mdogo ananyweshwa. (Watu wengi walikasirika kwa sababu ya mtoto yule, na sisi kama walimu tungekasirika vilevile.) Lakini pembeni, huku na huku, kuna picha nyingine mbili ndogo. Katika moja wenye njaa wanapewa chakula, na katika nyingine walio uchi wanavikwa nguo. Kwa hiyo tangu kadi ya kwanza kabisa, mwenye shida yumo ndani yake. Yumo pembeni, anapokea. Hakuiandika yeye, wala hakuandikiwa.

Yaliyofuata tutayapita upesi. Mitambo ya kuchapa rangi ikawa bora, bei ikashuka, na huko Boston, Marekani, mchapaji Louis Prang akaanza kuuza kadi za Noeli kwa Wamarekani katika miaka ya 1870. Kwetu desturi ya Noeli ilikuja na wamisionari. Hapa Rwanda misheni ya kwanza ya Wakatoliki ilikuwa Save, mwaka 1900, na Kigali yenyewe ilianzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907.

Habari ya kadi iliyotugusa zaidi sisi walimu ni ya mwaka 1949. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha, na shirika la UNICEF, lililoundwa Desemba 1946, lilikuwa likipeleka maziwa na dawa kwa watoto wa Ulaya. Ndiyo, ndugu msomaji, wa Ulaya. Katika kijiji cha Rudolfo, nchini Chekoslovakia, mtoto wa miaka 7 aitwaye Jitka Samková alichora picha ya kushukuru, watoto wakicheza kuzunguka mlingoti. Husimuliwa kwamba alichora juu ya kioo, kwa sababu karatasi haikupatikana. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa kadi ya kwanza ya UNICEF, na tangu hapo kadi za shirika hilo zikauzwa duniani pote kuwasaidia watoto wengine.

Tulipowasomea wanafunzi habari hii, walinyamaza. Hawakujua kwamba Wazungu nao waliwahi kupanga mstari wa maziwa. Jambo jingine waliloliona wenyewe, bila sisi kuwaambia, ni kwamba safari hii anayepokea ndiye aliyechora.

Wazazi wetu nao walikuwa na kadi yao, ingawa hawakuiita hivyo. Baada ya mwaka 1994, na hasa baada ya vita vya 1996, watu wa nchi hizi za Maziwa Makuu walitawanyika, mama huku na mtoto kule. Msalaba Mwekundu ukagawa fomu za ujumbe wa familia. Ilikuwa karatasi moja, haina bahasha, inasomwa na kila inayempitia, na hairuhusiwi kuandikwa neno la siasa wala la vita. Habari za jamaa tu: fulani yu hai, fulani tumemzika, tupo mahali fulani. Haikuwa na nyota wala kengele. Lakini tunawajua watu katika kambi hii ambao bado wameikunja ndani ya Biblia.

Sasa tuje Kigali. Mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mji ule ulikuwa na vijana wengi waliokuwa wakuu wa kaya kabla ya kuota ndevu. Wazazi waliuawa, au walichukuliwa na UKIMWI, na nyuma ya kijana wamebaki wadogo wanaotaka kula na kusoma. Mwaka huo Mwingereza Chris Page alianzisha karakana ya kadi za mkono iitwayo Cards from Africa, ikawaajiri vijana wa namna hiyo. Malighafi ilikuwa takataka za maofisini. Waliofika Kigali wanajua kwamba ni mji wa maofisi. Kule Kacyiru na Kimihurura wizara na mashirika yamepakana, na kila ofisi hutupa karatasi nyingi, nyingine zimeandikwa upande mmoja tu.

Kazi ya kuigeuza karatasi hiyo haina siri, na tumeijaribu hapa. Karatasi huchanwa vipande vidogo, hulowekwa usiku kucha, kisha hutwangwa kwenye kinu mpaka iwe kama uji. Uji huo humiminwa kwenye beseni kubwa la maji. Unachukua fremu ya mbao iliyowambwa wavu (sisi tulitumia chandarua kilichochakaa kabisa, watu wa afya wasije wakatukasirikia), unaizamisha, unaiinua polepole ikiwa bapa, maji yanachuruzika na nyuzi za karatasi zinabaki juu. Unaipindua juu ya kitambaa, unakandamiza, unaanika. Karatasi zetu za kwanza zilikuwa nene kama chapati. Za tatu zilipokea wino.

Kitu kikubwa katika karakana ile, kwa maoni yetu, hakikuwa karatasi bali mshahara. Kadi ziliuzwa Ulaya na Marekani, na kijana aliyezitengeneza alipata ujira wa kulipia kodi ya nyumba na sare za wadogo zake. Mnunuzi alinunua kadi kwa sababu ni nzuri. Yatima ambaye kwenye kadi ya mwaka 1843 angewekwa pembeni, huku alikaa mezani na mkasi mkononi.

Kigali pia kuna kadi za majani makavu ya migomba. Zinapatikana kwa mafundi wa mji ule, na akina mama wetu wa Kivu wanazijua tangu nyumbani. Jani hukatwa kwa wembe na kubandikwa juu ya karatasi ya rangi, likawa ng'ombe wa pembe ndefu, au nyumba ya nyasi, au mwanamke mwenye chungu kichwani. Tuna neno dogo juu ya huyo mwenye chungu. Mama anayeikata picha hiyo hubeba jerikani ya njano, na simu imefungwa kwenye pindo la kitenge. Hatujaona bado kadi yenye jerikani.

Tumefika sasa kwenye kadi kuukuu. Duniani wako wengi wasiozitupa. Huko Boulder City, Nevada, Marekani, makao ya watoto yaitwayo St. Jude's Ranch yalipokea kwa miaka mingi kadi zilizotumika, yakakata upande wa mbele wenye picha, yakaubandika juu ya karatasi mpya, na kuuza kadi hiyo upya. Jirani zetu wa Kampala walikwenda njia nyingine. Kwenye kilima cha Kireka, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda walikuwa wakiponda mawe kwa ujira mdogo, na baadhi yao walikata karatasi za magazeti na kalenda kuwa pembe tatu nyembamba ndefu, wakazivingirisha juu ya ujiti, wakatia gundi na vanishi, zikawa shanga. Tangu mwaka 2004 shirika la BeadforLife likazipeleka shanga za wanawake wa Kampala kwenye masoko ya mbali. Tulijaribu kuvingirisha kadi za Noeli namna hiyo, haikuwezekana. Karatasi yake ni ngumu, inajifungua yenyewe. Kalenda inafaa zaidi.

Kadi hizo za Noeli tulizipata wapi? Miaka michache iliyopita lilitufikia boksi zima, zote zimetumika, zimekusanywa na watu wema wa mbali. Hatutaficha kwamba baadhi ya walimu walichukizwa. Mmoja alisema, "Tumekuwa watu wa kuletewa hata salamu zilizokwisha kusomwa?" Hatukuwa na jibu la haraka. Ndani mlikuwa na majina ya watu tusiowajua, pole za msiba, habari za mtoto aliyezaliwa. Tuliamua kitu kimoja kabla ya kuzifikisha kwa wanafunzi: kila upande ulioandikwa ukatwe. Barua ya mtu ni siri yake, hata kama ameitupa.

Picha zilizobaki zimetusaidia kuliko tulivyodhani. Ndege wekundu tumewahesabu katika darasa la kwanza. Theluji imetupa somo zima la jiografia, maana nusu ya darasa walisema ni unga na nusu chumvi. Tumekunja vijisanduku vya chaki, tumekata alama za kuweka katika vitabu, tumetunga nyota kwenye uzi. Gundi tunapika wenyewe kwa unga wa muhogo na maji, mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Ukiweka chumvi kidogo hauozi upesi.

Kisha tuliombwa, na ofisi ambayo hatutaitaja, watoto watengeneze kadi 40 za kuwashukuru wafadhili. Tukazitengeneza. Katikati ya kazi binti mmoja wa mstari wa tatu alituuliza kama anaweza kutengeneza moja ya koko yake, nyanya yake mzaa mama, aliyehamishiwa Mahama kambi ya Gihembe ilipofungwa mwaka 2021. Tulimjibu amalize kwanza ya wafadhili. Alipoimaliza, manila ilikuwa imekwisha.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu kosa lilikuwa letu walimu, si la mtoto wala la mfadhili. Shukrani ni tabia njema na hatuwafundishi watoto kinyume chake. Lakini mtoto anayejifunza kwamba kadi huandikwa kwenda juu tu, kwa anayetoa, hajajifunza kadi. Tangu siku hiyo darasani kwetu kadi ya kwanza ni ya yule ambaye mtoto mwenyewe anamtaka, na ya pili ndiyo ya maombi. Ndugu watumishi msichukulie vibaya. Mkihitaji kadi za ofisi, leteni manila kwanza, na kwa zile zitakazouzwa, aliyezitengeneza apate chake. Nyuma iandikwe jina la kwanza la mtengenezaji, kama mwenyewe na wazazi wake wanakubali.

Binti yule alipata manila wiki iliyofuata. Alichagua picha ya kondoo katika theluji, akaibandika, akaandika ndani, na kadi ikaondoka kwa mkono wa msafiri. Miezi ikapita. Siku moja ikarudi, kondoo yuleyule, amekatwa kwa wembe kandokando na kubandikwa juu ya kipande cha boksi la sabuni. Nyuma yake kuna mistari mitatu kwa mwandiko wa jirani, kwani koko hajui kuandika. Maneno ya ndani hatukuyasoma.

Kadi hiyo mwenyewe amekataa isitundikwe. Nyingine ziko ukutani katika darasa la tano, na wazazi na wageni wanakaribishwa kuzitazama. Anayetaka kujifunza aje Alhamisi baada ya masomo, na tafadhali aje na mkasi wake, maana tunayo miwili tu na mmoja hauna makali.