Hodi katika Nchi ya Ungoni

Neno hodi ni fupi, lakini adabu yake ni ndefu. Anayebisha hodi hukiri kwamba nyumba ina mwenyewe, na kwamba kuingia ni jambo la kuruhusiwa. Watu wa pwani huifahamu adabu hii tangu utotoni. Hukijua pia kisa cha Nabii Ibrahimu, aliyewaandalia ndama wageni asiowatambua, kumbe ni wajumbe wa Mola. Kisa hicho kimo katika Kurani na katika Biblia, na Wakristo hupata humo fundisho kwamba Mungu aghalabu huja kwa sura ya mgeni. Fundisho hilo lilipofika Songea lilipata mtihani mzito, maana waliolileta ndio waliokuwa wageni.

Wamisionari Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia walifika Peramiho, kiasi cha kilomita 25 magharibi ya mji wa Songea, mwaka 1898, wakiongozwa na Padri Cassian Spiss. Walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Neno la kwanza la Kanuni hiyo ni amri ya kusikiliza. Sura yake ya 53 yawataka watawa wampokee kila mgeni kana kwamba ni Kristo mwenyewe, na maskini na msafiri watunzwe kuliko wengine wote. Sura ya 66 yataka mlangoni akae mzee mwenye busara, aitikie mara asikiapo hodi. Kumpokea Mungu, kwa mujibu wa Kanuni hii, ni kazi ya kila siku: ni kufungua mlango, kunawisha mikono na kutega sikio.

Lakini Kanuni ilitungwa kwa ajili ya mwenyeji. Huko Ungoni mwenyeji alikuwa mwingine. Peramiho ilikuwa katika nchi ya Njelu, chini ya Nkosi Mputa Gama, na Wangoni walikuwa na njia yao ya kuwaheshimu wahenga, waliowaita mahoka. Miaka michache kabla ya Vita vya Majimaji, Padri Franziskus Leuthner wa Peramiho alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Mputa. Mgeni alikuwa ameteketeza mahali patakatifu pa mwenyeji wake. Huenda aliamini kuwa anaitetea dini. Hata hivyo, hakutenda kama mtu aliyebisha hodi.

Hatuwezi kusema kuwa moto huo pekee ndio ulioleta vita. Kodi, kazi za kulazimishwa na kupokonywa madaraka kwa wakuu chini ya serikali ya Kijerumani vilikwisha kuijaza nchi uchungu. Mwaka 1905 mgeni mwingine, Omari Kinjala, aliingia Ungoni na dawa ya maji, akapokewa. Tarehe 14 Agosti mwaka huo Spiss, wakati huo askofu, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa njiani kwenda Peramiho. Mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ikachomwa. Moto ulikuwa umejibiwa kwa moto.

Kisasi cha serikali kilipita kiasi. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu na wapiganaji wa Kingoni, Mputa akiwa miongoni mwao, walinyongwa Songea na kuzikwa katika kaburi moja. Songea Mbano, nduna ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa. Mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Kabla ya kunyongwa, baadhi ya waliohukumiwa walibatizwa na padri wa misheni. Wako wanaouona ubatizo huo kuwa rehema ya saa ya mwisho; wako wanaouliza ni hiari gani aliyo nayo mtu aliyekwisha kuonyeshwa kitanzi. Maswali yote mawili yana haki ya kusikilizwa.

Watawa walirudi, wakajenga upya. Peramiho ikawa abasia mwaka 1931, ikawa na shule, kiwanda cha uchapaji na hospitali ambayo watu huijia kutoka mbali. Mwaka 1969 Jimbo la Songea lilianzishwa, na James Komba, Mtanzania, akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo nafasi ya kwanza katika uchungaji wao. Kwa hiyo kukaribisha hakukubaki langoni mwa abasia: majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, kisha huulizana nani anaumwa na nani hana chakula.

Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya Songea yatukumbusha kwamba mwenyeji haponi kwa kila mgeni, na kwamba jina la Mungu midomoni mwa mgeni halimwondolei wajibu wa kubisha hodi. Kila Februari watu hukusanyika penye kaburi la mashujaa hao. Aliyefundishwa kumtazamia Mungu katika uso wa mgeni anafunzwa hapo kumtafuta katika uso wa mwenyeji pia, na kuanza pale Kanuni ilipoanzia: kwa kusikiliza.