Mzimu wa Mabavu, Mapango ya Amboni

Hapa ni mahali pa ibada. Mwamba huu wa chokaa ulijengeka chini ya bahari miaka milioni 150 hivi iliyopita. Maji yakaula taratibu hadi yakachimba mapango. Wadigo, Wabondei, Wasambaa na Wasegeju huja kutambika, kuomba mtoto au afya. Tazama chini: chupa za marashi, vitambaa, sarafu. Si taka hizo, ni nadhiri za watu.

Serikali ya kikoloni iliyatangaza mapango haya kuwa hifadhi mwaka 1937. Mwaka 1963 yakakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Heshima ya wenyeji ilitangulia yote hayo.

Walimu na wanafunzi: msiguse sadaka, msiandike majina ukutani. Mkimkuta mtu anaomba, msubirini amalize.